Tabibu, sindano na simu isiyopokelewa

Kisa hiki kimeungwa kwa ajili ya kufundishia. Hakuna mgonjwa mmoja aliyepitia yote haya kwa mpangilio huu, ila kila kipande chake anakijua mtu yeyote aliyewahi kushika zamu katika kituo cha afya cha kisiwa kidogo Pemba.

Mahali ni kisiwa cha wavuvi jirani na Mkoani, cha namna ya Makoongwe au Kisiwa Panza. Kituo kina tabibu mmoja, yaani mtaalamu wa tiba mwenye stashahada ambaye si daktari, na muuguzi mkunga mmoja. Daktari yuko ng'ambo. Wenyeji wanamwita tabibu "dokta", naye kwa miaka mitatu hajachoka kuitika, maana hakuna mwengine wa kuitika. Usiku wa kisa muuguzi yupo likizo.

Saa tatu na dakika kumi usiku mlango unagongwa. Ni mwanamke wa miaka 19, mimba ya kwanza, wiki ya 34, ameshikwa mkono na mavyaa wake. Mumewe yuko dago, kambi ya uvuvi, na wavuvi wenziwe. Kichwa kinamgonga tangu alasiri, macho yanaona ukungu, na chembe ya moyo inamuuma. Viatu havimwingii, amekuja peku.

Tabibu anamkalisha, anapima presha: 172/114. Anasubiri kidogo, anapima mkono wa pili: 170/116. Mkojo una protini alama tatu. Akigonga goti kwa kinyundo, mguu unaruka juu kuliko kawaida. Kwenye kadi ya kliniki kuna mahudhurio ya wiki tatu nyuma: presha 138/88, na mahali pa mkojo pameandikwa kwamba vijiti vya kupimia vimekwisha.

Mpaka hapo zimepita dakika kumi tu, na tabibu ameshajua anachokitazama. Ni dalili kali zinazotangulia kifafa cha mimba. Dawa anayo kabatini: magnesiamu salfeti, vichupa vya mililita 10, nguvu asilimia 50. Maji ya kuchanganyia yapo, sindano zipo, dawa ya ganzi ipo. Hata hivyo dozi ya kwanza inaingia mwilini mwa mgonjwa saa nne kasoro dakika tano. Baina ya kujua na kutoa zimepita dakika thelathini na tano, na uchambuzi wote unahusu dakika hizo.

Alikuwa akipiga simu. Daktari wa zamu hakupokea, na baadaye ilijulikana alikuwa chumba cha upasuaji. Simu ya wodi ya wazazi ilikuwa imezimika chaji. Akampigia tena daktari, mara mbili. Akamtumia ujumbe. Akatoka nje kutafuta mtandao, akarudi, akapima presha mara ya tatu kana kwamba ingeshuka yenyewe. Mwisho akamkumbuka mwalimu wake wa zamani aliyeko Unguja. Yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umeshampa magnesiamu?" Tabibu akajibu bado, anatafuta ruhusa. "Ruhusa ya nani, mwanangu? Kampe, halafu nipigie."

Mtu wa mjini akisoma hapa atasema kijana alikuwa mwoga. Mimi siuoni uoga wa kawaida. Mkono wake ulikuwa tayari na kichwa chake kilikuwa sahihi. Kilichomfunga ni maneno aliyoyasikia mwaka wa kwanza wa kazi, kuhusu mwenzake wa kituo chengine aliyetoa sindano, mgonjwa akafia njiani, na swali la kwanza kwenye kikao likawa: nani alikuruhusu? Hakuna aliyeuliza kama dawa ilikuwa sahihi. Maneno ya aina hiyo huzunguka vituoni haraka kuliko mwongozo wowote, na hukaa muda mrefu zaidi.

Tuitazame dawa yenyewe, maana wengi huitaja kwa hofu bila kujua inafanyaje kazi. Magnesiamu haishushi presha. Kazi yake ni kuzuia degedege la kifafa cha mimba, au kulikata likishaanza. Jaribio kubwa la Magpie, lililochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionesha kwamba wanaopewa dawa hii hatari yao ya kupata kifafa hupungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaandika wazi kwamba pale ambapo tiba nzima haiwezekani, mgonjwa apewe dozi ya kuanzia kisha ahamishiwe mara moja panapo uwezo mkubwa zaidi. Sentensi hiyo inakihusu kituo kama hiki moja kwa moja. Haikuandikiwa hospitali yenye madaktari bingwa, kwa sababu hospitali hiyo haihitaji kuambiwa ahamishiwe wapi.

Namna ya kuitoa si siri. Kwa mshipa ni gramu 4: unavuta mililita 8 za dawa, unaongeza mililita 12 za maji, unapata mililita 20 zenye nguvu asilimia 20, na unasukuma taratibu, si chini ya dakika tano. Tabibu alimwomba mavyaa ashike tochi, kwa kuwa taa ya chumba ilikuwa nyuma ya kichwa chake na kivuli kilianguka juu ya mkono wa mgonjwa. Akasukuma akitazama saa ya ukutani.

"Naungua," mgonjwa alisema.

"Ni dawa, dada yangu. Joto litapita. Niambie ukihisi pumzi inabana."

Kisha gramu 10 za kwenye nyama, tano kila tako, kila sindano imetiwa mililita moja ya dawa ya ganzi, kwa sababu bila hiyo maumivu yake hayasahauliki. Akaweka mpira wa mkojo. Akahesabu pumzi, akagonga goti tena. Ndiyo ulinzi wenyewe huo: dawa ikizidi mwilini, goti huacha kuitika kabla pumzi haijashuka, na mkojo ukipungua ina maana dawa haitoki. Kinachoiondoa sumu ni kalsiamu glukoneti, gramu moja kwa mshipa, taratibu. Kabatini kilikuwepo kichupa kimoja. Akakitia mfukoni.

Hakuna hatua hata moja katika hizo inayohitaji shahada ya udaktari. Inahitaji mtu aliyefundishwa, aliyefanya mazoezi hivi karibuni, mwenye saa na kinyundo. Tabibu anasoma stashahada ya miaka mitatu. Kwa Zanzibar wengi wamepitia chuo cha afya cha Mbweni, ambacho sasa ni sehemu ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Ujuzi huu umo ndani ya masomo yake.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Simu ya usiku ule ilitumika kwa kazi isiyo yake. Ilikuwa simu ya kuomba ruhusa, na ingefaa iwe ya kushauriana. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu kwa mama mwenye dalili hizi isingojee sauti ya mtu yeyote. Ruhusa yake iwe imeandikwa, imetiwa saini na mamlaka ya wilaya, na imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la dawa, ili anayefungua kabati aikute kabla ya kuikuta dawa. Halafu daktari apigiwe kwa maswali yanayostahili daktari.

Na maswali hayo yalikuwepo. Presha ya 170/116 inatakiwa ishushwe, lakini si kuporomoshwa, kwa sababu ikianguka ghafla damu inayokwenda kwa mtoto hupungua. Kituo hakikuwa na hidralazini ya sindano. Vilikuwepo vidonge vya nifedipini vya miligramu 20, vile vinavyoyeyuka polepole. Atoe au asitoe? Akivunje kidonge ili kifanye kazi haraka? Amwekee chini ya ulimi, kama wazee wa zamani walivyokuwa wakifanya? Hilo ndilo swali la kumpigia mtu. Daktari wa zamu, alipotoka upasuaji na kuona simu zilizokosa jibu, alipiga mwenyewe saa nne na robo, na jibu lake lilikuwa fupi: mpe kimoja akimeze kizima, usikivunje, usimwekee chini ya ulimi, pima baada ya nusu saa. Mazungumzo hayakufika dakika mbili na yalikuwa na thamani kuliko zile thelathini na tano za kutafutana.

Wenye wasiwasi watasema ukimpa tabibu ruhusa hiyo utafungua mlango wa kila mtu kufanya atakalo. Wasiwasi huo haupo Pemba peke yake. Uingereza wana wasaidizi wa madaktari, na baada ya mabishano makali serikali ilimwagiza Profesa Gillian Leng afanye tathmini. Ripoti yake ya Julai 2025 ilipendekeza kwamba wasaidizi hawa wasiwaone wagonjwa ambao maradhi yao bado hayajabainishwa, isipokuwa kwa taratibu zilizowekwa wazi. Kwa hospitali ya London nakubaliana nayo bila shida. Daktari yupo chumba cha pili, na msaidizi akikosea kutambua, mwenye elimu zaidi alikuwa hatua kumi kutoka pale. Ihamishie kanuni hiyo kwenye kisiwa chetu na kituo kinafungwa kesho asubuhi. Kila mgonjwa anayeingia mlangoni kwa tabibu ni mgonjwa ambaye hajatambuliwa ana nini. Ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo tofauti haiko katika cheo, iko katika umbali wa daktari. Marekani, ambako Dk. Eugene Stead alianzisha mafunzo ya wasaidizi hawa wa madaktari Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965 kwa wanajeshi wa majini waliokuwa wamehudumia wagonjwa jeshini, wazo tangu mwanzo lilikuwa msaidizi afanye kazi na daktari. Afrika Mashariki tabibu alizaliwa kwa sababu nyengine kabisa: daktari hakuwepo, na haikutarajiwa awepo karibuni. Msumbiji walianza mwaka 1984 kuwafundisha wasio madaktari upasuaji mkubwa. Tanzania Bara, utafiti wa mwaka 2009 kwenye hospitali za Kigoma na Mwanza ulilinganisha upasuaji wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi, yaani matabibu waliorudi masomoni, na ule wa madaktari wenye shahada. Matokeo kwa mama na mtoto hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Baada ya hayo, kubishana kama tabibu anaweza kusukuma mililita 20 kwenye mshipa ni kupoteza wakati.

Ila nisiwape matabibu shada la maua wasilostahili. Tuirudie kadi. Wiki tatu kabla, presha 138/88 kwa msichana wa mimba ya kwanza haikuvuka mpaka wa 140/90, na kwa kanuni aliruhusiwa kurudi nyumbani. Sawa. Lakini miezi miwili nyuma kadi hiyo hiyo inaonesha 104/62. Mtu aliyezoea kuitazama namba moja moja haoni kitu. Anayezisoma kwa mstari anaona mlima. Vijiti vya mkojo vilikuwa vimekwisha, na hilo si kosa la tabibu, ila kumwita mama arudi baada ya wiki badala ya mwezi kulikuwa ndani ya uwezo wake. Nao wahudumu wa afya ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba na simu zao chini ya mpango wa Jamii ni Afya, wangeweza kuambiwa wampitie na kumuuliza habari ya kichwa na macho. Hakuna aliyewaambia. Ujasiri wa usiku usifunike uvivu wa mchana.

Sehemu ya boti nitaipitisha haraka, ingawa kwa waliokuwemo haikuwa fupi. Ulikuwa wakati wa bamvua, na Pemba bamvua maana yake ni kwamba saa nne usiku maji yamekupwa mpaka chini kabisa.

"Mwanangu, tungoje basi hadi kuche," mavyaa alisema. "Boti iko juu ya mchanga."

"Bi mkubwa, hili halingoji kuche."

"Na mumewe je? Nitamwambia nini?"

"Mumewe nitampigia mimi, nimwambie mimi."

Tabibu alifanya jambo zuri hapa: hakumfokea mama wa watu wala kumtisha kwa kifo. Alichukua mzigo wa kumwambia mwanamume, na huo ndio uliokuwa ukimwelemea mavyaa. Sheha alipigiwa, vijana wakaitwa, boti ikasukumwa mpaka penye maji. Mgonjwa alilazwa ubavu wa kushoto juu ya godoro la kituo. Tabibu akafuatana naye, akihesabu pumzi kwa tochi, na kituo kikabaki kimefungwa. Usiku ule hakuja mtu mwengine. Angekuja mtoto mwenye pumu angekuta kufuli, na swali la nani amsindikize mgonjwa pale penye mtumishi mmoja bado halijapata jibu zuri. Gari ya wagonjwa ilikuwa ikingoja ng'ambo. Saa sita kasoro robo alikuwa wodini, na kabla ya alfajiri alifanyiwa upasuaji. Mtoto alizaliwa na kilo 1.9, akalia mwenyewe. Mama hakupata degedege hata mara moja.

Kwa kuwa mambo yaliisha salama, wengi wangeliweka faili kabatini na kuendelea. Hapo ndipo kisa kinapofaa kufunguliwa. Mama angeweza kuanguka kifafa saa tatu na nusu, dawa ikiwa kabatini na tabibu akiwa nje anatafuta mtandao, na kikao kingekaa kumuuliza kwa nini alisubiri. Yaani kijana huyu alikuwa akosewe pande zote mbili: akitoa ataulizwa nani kakuruhusu, akingoja ataulizwa ulingoja nini. Kazi zimeshuka kwake kama maji ya mteremko, ruhusa zimebaki juu.

Nazo kazi zinazidi. Tangu dawa mseto za malaria zilipoanza kutolewa Zanzibar mwaka 2003, pamoja na vyandarua na upuliziaji, malaria ilipungua sana, na chumba cha tabibu kikajaa watu wa presha na sukari wanaorudi kila mwezi maisha yao yote. Hospitali mpya za wilaya zilizojengwa baada ya UVIKO-19 zimesogeza upasuaji karibu na watu, na kwa hiyo rufaa nazo zimeongezeka, maana sasa kuna pa kumpeleka mgonjwa. Mkoani yenyewe ina Hospitali ya Abdalla Mzee, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Majengo yanaonekana na yana mawe ya msingi ya kupigia picha. Orodha ya anachoruhusiwa kufanya mtu wa kituo cha chini haina jiwe la msingi, na pengine ndiyo sababu husahauliwa.

Jambo la kurudisha habari nalo lipo. Barua ya rufaa ya tabibu ilikuwa safi: muda wa kila dozi, pumzi, goti, mkojo. Ilipokewa na ikasomwa, na daktari wa zamu aliisifu mbele ya wenzake wodini. Kisiwani haikurudi hata karatasi moja. Tabibu alijua kwamba mtoto yu hai kutoka kwa nahodha wa boti, siku mbili baadaye, sokoni. Mtu akifanya kazi sahihi asiambiwe ilikuwa sahihi, mara ya pili atasita vilevile. Ningependekeza ujumbe wa sauti wa nusu dakika kwa simu kutoka wodini kabla zamu haijabadilishana, kwani fomu nyengine hazitajazwa. Na mara moja kila miezi mitatu daktari avuke maji, akae na rejesta ya kituo, wazisome kadi pamoja kwa mstari. Huo ndio usimamizi. Gari la wakubwa linalokuja kuhesabu viti na kutia saini kitabu cha wageni silihesabu.

Halafu kuna muuguzi mkunga, aliyekuwa likizo. Tabibu wetu mwaka ujao anakwenda kusoma shahada, kama wengi wa umri wake wanavyotamani, na nafasi yake inaweza kukaa wazi kwa miezi. Ruhusa ya magnesiamu ikiandikwa kwa jina lake itaondoka naye kwenye boti. Iandikwe kwa mafunzo: yeyote wa kituo hicho aliyefundishwa, akapimwa kwa mikono, na kurudia zoezi kila mwaka, ana haki ya kutoa dozi ya kuanzia na kuhamisha mgonjwa. Muuguzi aanze zoezi hilo akirudi likizo, tabibu akiwa bado yupo wa kumsimamia, na vichupa vya kalsiamu kabatini viwe viwili.